Maswali ya Wasomaji: Joto Chini ya Boneti ya Impreza

SWALI: Mhariri, ninamiliki Subaru Impreza WRX ya mwaka 1999, yenye injini ya EJ20 na tabo (pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi), iliyoletwa ikiwa imetumika kutoka Japani. Kila ninapokwama kwenye foleni ya Barabara ya Thika, boneti hupata moto hata haigusiki, harufu ya plastiki hupenya ndani, na nikishapata njia gari huwa zito kwa dakika kadhaa. Mshale wa halijoto haujawahi kupita katikati. Fundi wangu anashauri tuinue boneti upande wa nyuma kwa washa (pete ndogo za chuma zinazowekwa kwenye bolti), kisha tufunge mabomba yote ya ekzosi kwa kitambaa cha kuzuia joto. Je, nimfuate? – Msomaji, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako ameliona tatizo, lakini dawa zote mbili alizozitaja zina madhara kwa gari la aina yako, kwa hiyo msubirishe kidogo.

Tuanze na huo mshale. Geji hupima maji ya injini peke yake, na hayo yanaweza kuwa salama kabisa huku hewa iliyofungiwa chini ya boneti ikichoma mipira ya maji, nyaya na plagi za sensa. Katika injini yako silinda zimelala mbili kila upande. Moshi hutokea chini, mabomba hukutana, kisha bomba moja hupanda hadi kwenye tabo iliyo nyuma, upande wa kulia. Gari likiendeshwa kwa nguvu, moshi unaoingia kwenye tabo unaweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Na kwa kuwa gari lako lina usukani wa kulia, kikopo cha mafuta ya breki kiko upande huohuo wa tabo. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ila yakishafyonza unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, hata kama fundi atakwambia bado yana rangi nzuri.

Uzito unaousikia baada ya foleni unatokana na intakula, yaani kifaa cha kupoza hewa inayotoka kwenye tabo kabla haijaingia kwenye injini, ambayo Subaru waliiweka juu ya injini na kuifanya itegemee hewa inayoingia kwenye tundu la boneti. Gari likisimama hakuna hewa inayoingia humo. Badala yake joto la injini hupanda na kuipasha intakula yenyewe, hivyo ukiondoka injini huvuta hewa ya moto mpaka upepo uipoze tena. Funua boneti utazame mpira unaozunguka njia ya hewa kutoka kwenye tundu hadi kwenye intakula. Katika magari ya umri huo mara nyingi umekatika au haupo kabisa, na hapo sehemu kubwa ya hewa hupita pembeni bila kufanya kazi. Mpira huo ni kipuri cha bei ndogo kuliko karibu kila kitu utakachouziwa kwa jina la kupunguza joto.

Sasa hizo washa. Chini ya kioo cha mbele, mahali boneti inapoishia, hewa hujikusanya na kuwa na shinikizo kubwa gari linapokwenda kasi. Ukiinua boneti hapo utatoa joto ukiwa umesimama, lakini barabarani hewa inaweza kuingia badala ya kutoka, na isitoshe utauachanisha ule mpira wa intakula na boneti. Matundu ya kutolea joto hufaa yakiwa mbele zaidi, karibu na nyuma ya rejeta, ambako shinikizo juu ya boneti ni dogo.

Kuhusu kitambaa, injini za silinda zilizolala zina tabia inayojulikana na kila fundi wa Subaru: gasketi za vifuniko vya valvu zikichoka, oili hudondokea moja kwa moja juu ya mabomba ya ekzosi. Bomba likiwa wazi utasikia harufu na kuona moshi. Likiwa limefungwa, kitambaa hunywa oili hiyo kimyakimya hadi siku itakaposhika moto. Kitambaa pia hutunza maji ya mvua na kuharakisha kutu. Mimi sikifungi kwenye gari la barabarani.

Ninachokifanya kwanza ni kurudisha kila bati la kukinga joto alilolitoa fundi aliyetangulia, kwa kuwa mabati hayo huondolewa pindi bolti zake zinapokatika kwa kutu au yanapoanza kugonga, na hayarudi tena. Watu huyadharau kwa wembamba wake. Chuma chenye moto mkali hurusha joto kwa mnururisho, na nguvu ya mnururisho hufuata kipeo cha nne cha halijoto kamili (inayohesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri): bati lenye nyuzi 300 hurusha chini ya sehemu moja ya kumi ya kile kinachorushwa na chuma cha nyuzi 900 chenye uso wa namna moja. Kinachohitajika ni bati lisiguse chuma, libaki na nafasi ya hewa ya upana wa kidole. Kava ya chini ya injini nayo irudishwe, maana huongoza hewa ipite pale ilipokusudiwa.

Baada ya hapo, blanketi la tabo ni fedha inayolipa, mradi tabo yenyewe iwe nzima, haivuji oili, na blanketi lifungwe kwa waya wa chuma bila kugusa mkono wa valvu ya kupunguzia shinikizo. Rejeta isafishwe vumbi kati ya mapezi, na feni zote mbili zijaribiwe. Hakikisha pia vifuniko vya maji vinashika shinikizo, maana ndilo huzuia maji yasichemke mapema: Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Gari lako lina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo karibu na tabo, visibadilishane nafasi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nina gari kama hilo na husafiri mara kwa mara kati ya Mombasa na Nairobi. Nikifika, je, niache injini iungurume dakika tano kabla ya kuizima? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Marahaba. Dakika tano ni nyingi, na zinaongeza joto chini ya boneti kwa kuwa hakuna upepo. Endesha taratibu kilomita mbili za mwisho, kisha dakika moja yatosha. Tabo ya gari lako hupozwa kwa maji pia, na hata injini ikizimwa maji ya moto hupanda yenyewe hadi kwenye lile tangi dogo, yale ya baridi yakishika nafasi yake. Ukipumzika Mtito Andei, fungua boneti joto litoke, lakini kifuniko cha tangi hilo usikiguse hadi mipira ya maji ipoe kabisa.