Filimbi tatu ni kufuata mishale, si dharura

Je, watoto wanapopiga upinde na mishale kambini, filimbi ikilia mara tatu ni dharura? Hapana, tatu si ya dharura. Ni ruhusa ya kwenda kuchukua mishale. Mpangilio wa kambi nyingi za Marekani, sawa na wa mashindano ya World Archery (shirikisho la dunia la upigaji mishale), ni huu: mbili, nendeni mstarini; moja, pigeni; tatu, fuateni mishale; tano au zaidi mfululizo, acheni mara moja.

Kwenye tano, mtoto aliyekwisha kuvuta arudishe kamba taratibu, mshale uingie kwenye podo (mfuko wa mishale). Asiuachie ati amalizie. Wala asiachie kamba tupu: bila mshale nguvu yote inaingia kwenye upinde wenyewe, na unaweza kupasuka usoni pake.

Ila msipulize tatu kabla pinde zote hazijawekwa chini. Na hapo ndipo wengi hulegeza macho, wakati mkia wa mshale uliokwama kwenye shabaha uko usawa wa jicho la mtoto anayekimbia. Watembee. Anayechomoa asimame pembeni, kiganja kimoja kibonyeze shabaha, mkono wa pili ushike mshale karibu kabisa na ulipoingilia, avute kwa unyoofu. Nyuma yake asisimame mtu.