Mkanda wa taimingi: usingoje kilomita peke yake

Maswali ya juma hili karibu yote ni ya mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaofanya valvu za injini zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Nimechukua manne.

Fundi, jirani kaniuzia Toyota Ipsum ya 1998. Dashibodi inasoma kilomita 82,000. Si mkanda hubadilishwa kwenye 100,000? (Ntinda)

Usingoje hata kidogo. Hiyo 100,000 ni sawa kwa injini yako ya 3S, ila mpira huzeeka hata gari likilala uani. Mimi mkanda ukishapita miaka saba hivi nautoa, uwe umetembea au haujatembea. Kisha kuna foleni: asubuhi pale Jinja Road injini inazunguka saa nzima na kilomita hazisogei. Na namba za dashibodi hurudishwa nyuma, hilo mnalijua.

Fungua boneti utafute kibandiko. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda huandika tarehe na kilomita, wakabandika karibu na injini. Hukioni, na jirani hana risiti? Basi hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa.

Mimi nina Toyota Premio. Mkanda wake je? (Mbale)

Kama ni ya 2002 kuja huku, hiyo ina cheni, haina mkanda. Badilisha oili kwa wakati, maana oili chafu ndiyo inayoimaliza cheni. Corona Premio ya zamani ndiyo yenye mkanda.

Fundi wangu anataka ninunue na pampu ya maji, tenshena ya kukaza mkanda na sili za oili. Anataka kunila? (Busia)

Kwa hili anakusaidia. Kwenye injini nyingi pampu imekaa nyuma ya mkanda huohuo. Ikianza kuvuja baada ya miezi sita, utalipia kufungua kote upya. Beringi ya tenshena ikikwama inakata mkanda mpya. Sili ikivuja, oili inaulowesha mkanda, unalainika na meno yanang'oka. Subaru zenye injini ya EJ zina beringi kadhaa njiani, zote ziangaliwe.

Usikubali mkanda uliokwisha tumika, ule "uliotoka na injini ya Japani", hata ukiwa unang'aa. Tena simama hapo gereji umwangalie: akishalinganisha alama za kamshafti (inayofungua valvu) na kranki (inayozungushwa na pistoni), azungushe injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili ya kranki, halafu aangalie alama tena. Anayerukia staata moja kwa moja, mwambie ashuke.

Toyota Surf yangu ya dizeli iliwasha taa ya T-BELT. Fundi kaizima, akasema sasa iko sawa. Naweza kwenda Arua? (Kampala)

Alibadilisha mkanda, au alizima taa tu? Taa hiyo haiuoni mkanda, inahesabu kilomita tu. Aliyeizima karudisha hesabu kwenye sifuri, mkanda ni uleule. Wa Ipsum ukikatika, mara nyingi injini inazima tu, unavutwa hadi gereji. Dizeli kama yako pistoni zinagonga valvu, valvu zinapinda, pengine hedi nzima (kichwa cha injini) inaharibika. Dalili ya mkanda kukatika ni injini kuzima ghafla, kisha staata inazungusha kwa wepesi usio wa kawaida na haiwaki. Hapo usirudie staata, kila jaribio linaongeza hasara.

Arua ni karibu kilomita 500. Funga mkanda mpya kwanza, na tarehe iandikwe kwa rangi juu ya kifuniko chake.