Bluu ya Colorado na bluu ya Austria

Je, njia ya bluu ya kuteleza kwenye theluji kwa skii (mbao ndefu zinazofungwa miguuni) huko Colorado, Marekani, ina ugumu sawa na ya bluu ya Austria, maana rangi ndiyo huonyesha ugumu wa njia? Hapana, hazilingani. Austria haina njia za kijani, kwa hiyo bluu ndiyo rahisi kuliko zote, ikifuatiwa na nyekundu, kisha nyeusi. Colorado wanaanza na duara la kijani, halafu mraba wa bluu, halafu almasi nyeusi, na nyekundu hawana kabisa. Bluu yao basi ni daraja la kati. Kama umezoea bluu za Austria tu, siku ya kwanza anza na kijani.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye kipimo. Austria bluu haitakiwi kuzidi mwinamo wa asilimia 25, yaani kushuka mita 25 kwa kila mita 100 za mlalo, na nyekundu asilimia 40, isipokuwa vipande vifupi vilivyo wazi. Marekani kila mlima hupanga njia zake kwa kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana bluu ya mlima mmoja inaweza kuwa kali kama nyeusi ya kwingine. Nimeteleza pande zote mbili, na hili nakusihi usilipuuze.

Ila rangi haikuambii hali ya theluji siku hiyo. Bluu iliyoganda alfajiri inaweza kukusumbua kuliko nyekundu iliyolainika saa tano, hasa kama bado unapunguza mwendo kwa kukutanisha ncha za mbele za skii, maana kwenye barafu mtindo huo haushiki vizuri.