Kabla ya Kuamini Kwamba Wamarekani Wameikataa Sheria ya Afya

Kazi yangu ya ukalimani katika zahanati na vituo vya kuandikishia bima hapa Louisville, Kentucky, imenizoesha kutega sikio kila habari za afya zinapotoka Washington, kwa sababu najua swali litakalonifuata kesho yake. Familia nyingi ninazozihudumia zimetoka Kongo na Burundi, baadhi yao kwa kupitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, nazo hupata habari kwenye simu, katika vipande vifupi vya sauti vilivyosambazwa na watu wasiojulikana. Mzee hunivuta pembeni na kuniuliza, "Mwanangu, wanasema Wamarekani wenyewe hawaitaki tena ile bima ya Obama. Sisi tutatibiwa na nani?" Wapo pia wasiouliza, ambao huacha tu kujibu barua za bima kwa kudhani kwamba mambo yamekwisha, na hao ndio walionisukuma kuandika. Ushauri wangu ni kwamba ukisikia wananchi wanaiunga mkono au wanaipinga sheria fulani ya afya, usichukue hatua yoyote kuhusu bima yako mpaka umejua waliulizwa nini hasa, na mpaka umejua jambo lenyewe limefikia wapi katika Bunge na mahakama.

Nianze na jimbo ninaloishi, maana sijui mfano ulio bora kuliko huu. Sheria inayozungumzwa, ambayo wengi huiita Obamacare lakini jina lake rasmi ni Affordable Care Act, ilitiwa saini na Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010, siku mbili baada ya Baraza la Wawakilishi kuipitisha kwa kura 219 dhidi ya 212, bila hata mbunge mmoja wa chama cha Republican kuiunga mkono. Kentucky ni jimbo ambalo halikumpa Obama ushindi katika uchaguzi wowote kati ya miwili aliyogombea. Hata hivyo gavana wake wa wakati huo, Steve Beshear wa chama cha Democratic, aliamua kuitumia sheria hiyo kupanua Medicaid, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na mwaka 2013 akafungua soko la bima la jimbo lenyewe lililopewa jina la kynect. Watu walijiandikisha kwa wingi, na katika muda wa mwaka mmoja tu idadi ya wasio na bima katika jimbo ikapungua kwa karibu nusu. Sasa angalia kilichotokea Mei 2014, wakati taasisi ya Marist ilipowauliza wapigakura wa Kentucky maoni yao: asilimia 57 walikuwa na mtazamo mbaya kuhusu Obamacare, lakini waliokuwa na mtazamo mbaya kuhusu kynect walikuwa asilimia 22 tu. Kynect ilikuwa mlango wa kuingilia katika sheria ile ile. Mtu aliweza kuichukia sheria kwa moyo wake wote huku kadi ya bima iliyotokana nayo ikiwa mfukoni mwake, na wala hakuwa anasema uongo.

Kentucky haikuwa peke yake katika hili. Mwaka 2013 kituo cha CNBC kiliwagawa waliohojiwa katika makundi mawili, kundi moja likaulizwa kuhusu "Obamacare" na la pili kuhusu "Affordable Care Act". Asilimia 46 walilipinga jina la kwanza na asilimia 37 wakalipinga la pili. Mwanzoni mwa 2017, wakati Bunge likijiandaa kuifuta sheria hiyo, kampuni ya Morning Consult iligundua kwamba zaidi ya theluthi moja ya Wamarekani ama walidhani majina hayo ni ya sheria mbili tofauti ama hawakuwa na hakika. Kwa hiyo habari inaposema "Wamarekani wanataka kuifuta Obamacare", jambo la kwanza ninalolitafuta ni maneno ya swali lenyewe. Taasisi za utafiti zinazoaminika, kama vile KFF, inayochunguza masuala ya afya, na Pew, inayochunguza maoni ya umma, huyachapisha neno kwa neno pamoja na majibu yake, pamoja na idadi ya waliohojiwa na tarehe za mahojiano. Habari isiyotaja lolote kati ya hayo haifai kuaminiwa, hata kama imeletwa na ndugu yako wa damu.

Ukishalipata swali, tazama kama lilihusu sheria nzima au kifungu kimojawapo. Hapa ndipo maoni ya umma hubadilika sura. Kifungu kinachowaruhusu vijana kubaki katika bima ya wazazi mpaka watimize miaka 26 kimependwa tangu mwanzo, na wafuasi wengi wa chama cha Republican wakiwemo. Hali ni hiyo hiyo kwa kifungu kinachoikataza kampuni ya bima kumkataa mtu au kumtoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao kabla. Nimekaa katika vyumba vya zahanati nikifasiri mazungumzo ya watu wenye kisukari na shinikizo la damu, na naweza kusema kwamba hiki cha pili ndicho kinachowagusa zaidi, hata wale wasiojua kwamba kimeandikwa katika sheria ipi. Kifungu kilichochukiwa kuliko vyote ni kile kilichomtaka kila mtu awe na bima au alipe faini. Faini hiyo ilishushwa hadi sifuri na sheria ya kodi ya Desemba 2017, kuanzia mwaka 2019, ingawa bado nakutana na watu wanaoiogopa.

Watafiti wa KFF wamekuwa wakiuliza swali linalofanana kuhusu sheria hii tangu 2010, na ukifuatilia majibu yake utaona jinsi maoni yanavyokwenda na matukio. Aprili 2010 walioipenda walikuwa asilimia 46 na wasioipenda asilimia 40. Oktoba 2013 tovuti ya serikali kuu ya kuandikishia bima ilifunguliwa ikashindwa kufanya kazi kwa wiki kadhaa, na mwezi uliofuata walioipenda wakashuka hadi karibu theluthi moja. Kisha likaja jambo ambalo wengi hawakulitarajia: sheria ilianza kupendwa pale ilipokaribia kufutwa. Mwaka 2017 wananchi walifurika katika mikutano ya wabunge wao wakieleza habari za watoto wagonjwa na wazazi wanaotibiwa saratani, na usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai Seneta John McCain, pamoja na Susan Collins na Lisa Murkowski, wote wa Republican, waliuzuia mswada wa kufuta kwa kura 51 dhidi ya 49. Katika miaka ya karibuni wanaoipenda sheria hiyo wamepita asilimia 60. Maandishi ya sheria hayakubadilika sana katika kipindi hicho. Watu walibadilika kwa sababu walianza kuona kile ambacho wangekipoteza.

Nisieleweke kwamba wanaoipinga wote wamepotoshwa. Ni kweli kwamba mwaka 2009 ulienezwa uzushi wa "mabaraza ya vifo", kwamba maofisa wa serikali wangeamua ni mzee yupi atibiwe na yupi aachwe afe, na uzushi huo uliwatia hofu wazee wengi bila sababu yoyote. Lakini ni kweli pia kwamba Obama aliahidi kuwa kila aliyeipenda bima yake angeendelea nayo, na mwaka 2013 mamilioni ya watu walipokea barua za kuwafahamisha kwamba bima zao zinasitishwa. Hasira yao ilikuwa ya haki. Fundi wa magari anayejiajiri, mwenye kipato kilichozidi kidogo kiwango cha kupata ruzuku ya serikali ya kulipia bima, anaweza kujikuta analipa mchango mkubwa kila mwezi na bado anatakiwa kutoa maelfu ya dola mfukoni kabla bima haijaanza kumlipia. Huyo akikuambia kwamba sheria haijamsaidia, msikilize. Wapo na wengine wanaojibu kwamba hawaipendi kwa sababu wanaona haikufika mbali, kwa maana wangependa serikali imlipie matibabu kila mtu. Mtafiti asipowauliza sababu, huyu na yule wa kwanza huhesabiwa pamoja kuwa wapinzani, na mwanasiasa hujitokeza kudai kwamba wote wako nyuma yake.

Mpango huo wa serikali kumlipia kila mtu nao unaonyesha jinsi nyongeza ndogo katika swali inavyoweza kugeuza jibu. Januari 2019 KFF iliuliza kuhusu mpango wa taifa uitwao Medicare kwa Wote (Medicare, tofauti na Medicaid, ni bima ya serikali kuu hasa kwa wazee), na asilimia 56 wakauunga mkono. Walipoambiwa kwamba ungeihakikisha bima ya afya kuwa haki ya kila Mmarekani, wakafika asilimia 71. Walipoambiwa kwamba wengi wangelipa kodi zaidi, wakashuka hadi asilimia 37. Waliohojiwa walikuwa wale wale. Ndiyo maana huwaambia ninaofanya nao kazi kwamba asilimia isiyotaja gharama ni nusu ya habari.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi kwa sasa ni masharti ya kazi katika Medicaid, kwa hiyo naomba uvumilivu wako nilieleze kwa kirefu. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inawataka watu wazima wengi waliopata Medicaid kutokana na ule upanuzi wathibitishe kwamba wanafanya kazi, wanasoma au wanajitolea kwa saa 80 kwa mwezi, na majimbo yanatakiwa kuanza kulitekeleza sharti hilo kabla au ifikapo Januari 2027. Ukiwauliza Wamarekani kama mtu mzima mwenye nguvu afanye kazi ili apate msaada, wengi hujibu ndiyo, na hata mimi niliyelelewa na wakulima naielewa vizuri hisia hiyo. Lakini KFF ilipowaeleza waliohojiwa kwamba wengi wa wanaopata Medicaid tayari wanafanya kazi, na kwamba baadhi wangeipoteza kwa sababu ya karatasi tu, uungaji mkono ulishuka kutoka zaidi ya nusu hadi karibu theluthi moja. Arkansas ililijaribu sharti hili mwaka 2018, na katika miezi michache zaidi ya watu 18,000 wakapoteza bima. Watafiti waliofuatilia hawakuona kwamba ajira iliongezeka, na wengi wa walioguswa ama walikuwa wametimiza sharti ama walistahili kusamehewa. Hapa Kentucky Gavana Matt Bevin alitaka kuleta sharti kama hilo, na mwaka huo huo jaji wa mahakama ya Washington akalizuia.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili anayefanya kazi ghalani au katika kiwanda cha nyama, saa 80 kwa mwezi si tatizo, kwani wengi wanazimaliza katika wiki mbili. Tatizo ni barua ya Kiingereza iliyokaa juu ya friji bila kufunguliwa, au iliyotumwa kwenye anwani ya zamani. Tunza stakabadhi zako za mshahara. Ukihama nyumba, iarifu ofisi ya Medicaid wiki hiyo hiyo. Ikiwa uliingia Marekani kama mkimbizi au mwombaji wa hifadhi aliyekubaliwa, na bado hujapata kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, shughulikia maombi ya kadi hiyo mapema kadiri sheria inavyokuruhusu, kwa kuwa sheria hiyo ya 2025 inaliondoa kundi hilo katika Medicaid kuanzia Oktoba 2026. Haya yameandikwa katika sheria, hayategemei utafiti wa maoni wa wiki hii wala ijayo, na yanahitaji ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji kuliko ujumbe wa sauti unaozungushwa kwenye simu.

Kwa upande mwingine, mswada unaojadiliwa tu haujabadilisha chochote. Ili sheria ibadilike lazima mabaraza yote mawili ya Bunge yakubaliane, rais atie saini, na mara nyingi mahakama nazo zitoe neno, kama Mahakama ya Juu ilivyofanya mwaka 2012 na tena mwaka 2021, mara zote mbili ikiiacha sheria ya Obama isimame. Endelea kulipa mchango wako mpaka upokee barua rasmi, na barua hiyo ikija, una haki ya kusomewa kwa Kiswahili bila malipo. Kifungu cha 1557 cha sheria hiyo hiyo inayobishaniwa kinazibana hospitali na mashirika ya bima yanayopokea fedha za serikali kuu kumpatia mgonjwa mkalimani mwenye sifa. Usimtumie mtoto wako wa shule kufasiri mambo ya ugonjwa au fedha; sema tu "Swahili interpreter, please" na usubiri.

Na wewe pia una maoni, na yanahesabika. Wananchi wa Maine mwaka 2017, na wa Missouri na Oklahoma mwaka 2020, walipiga kura wenyewe wakapanua Medicaid ambayo viongozi wao walikuwa wameikataa. Uraia unahitajika ili kupiga kura, lakini ofisi ya mbunge wa eneo lako hupokea simu ya mkazi yeyote. Ukipiga, taja mtaa unaoishi, taja kifungu unachokizungumzia, kama vile ugonjwa wa awali au saa 80 za kazi, na ueleze kimekufanyia nini au kitakuondolea nini. Anayepokea simu huandika ni wangapi wanaunga mkono na wangapi wanapinga, hivyo sema waziwazi uko upande gani kabla ya kukata.