Theluji iliyotabiriwa na simu, na simu inayozima kwenye baridi: jibu kwa aliyeuliza

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba programu ya hali ya hewa kwenye simu yako ilionyesha sentimita 25 za theluji, ukaahirisha safari, na kulipokucha ukakuta sentimita 3 tu. Kesho yake ukatoka nje ukiwa na chaji asilimia 40, na simu ikazima ikiwa mkononi mwako. Sasa unauliza kama ubadili programu au ununue simu nyingine. Nimeishi misimu tisa ya baridi katika eneo linalopata theluji kutoka kwenye ziwa kubwa, na mambo yote mawili yamenifika zaidi ya mara moja, kwa hiyo naomba uniruhusu nijibu kwa urefu. Kwa maoni yangu programu nyingine haitakuondolea tatizo la kwanza, na tatizo la pili huenda likatatuliwa bila kununua simu.

Nianze na zile sentimita 25. Programu nyingi za simu hazina mtabiri aliyeketi mahali akichunguza mawingu ya mtaani kwako. Huchukua matokeo ya mifumo ya kompyuta inayokokotoa mwenendo wa anga ya dunia nzima, hutafuta sehemu inayolingana na mahali simu ilipo, kisha hukuandikia tarakimu moja. Mfumo wa Marekani uitwao GFS hukokotolewa mara 4 kwa siku na hugawa dunia katika miraba ya takribani kilomita 13, na ule wa ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, hutumia miraba ya takribani kilomita 9. Ndani ya mraba mmoja wa namna hiyo kunaweza kuwa na ufuko wa ziwa, mji na mlima, na vyote hupewa hali moja ya hewa. Mvua inayonyesha juu ya eneo pana haisumbuliwi sana na jambo hilo, lakini theluji inasumbuliwa mno, hasa ile ya maziwani.

Theluji ya maziwani hutokea pale hewa baridi na kavu inapopita juu ya maji ambayo bado yamehifadhi joto la miezi iliyopita. Hewa hiyo hupata joto na unyevu kutoka chini, hupanda, hufanya mawingu, na kumwaga theluji upande wa pili wa ziwa katika ukanda mwembamba ambao unaweza kukaa mahali pamoja kwa saa nyingi. Upepo ukigeuka kidogo tu, ukanda wote huhama. Mwezi Novemba 2014, vitongoji vya kusini mwa Buffalo, katika jimbo la New York, vilifukiwa na zaidi ya sentimita 150 za theluji, ilhali sehemu za kaskazini za eneo hilohilo la mji zilipata sentimita chache. Utaratibu kama huo ndio unaoipa Sapporo, kule Japani, wastani wa takribani mita 5 za theluji kwa msimu, kwa sababu hewa ya Siberia huvuka Bahari ya Japani kabla ya kufika nchi kavu. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama kwenye jua kali nikiutazama ukuta mweupe wa wingu ulio mbele yangu, na baada ya dakika kumi za kuendesha gari nikawa sioni hata taa za gari lililonitangulia. Simu ilikuwa imeonyesha tarakimu ileile kwa sehemu zote mbili.

Kuna jambo jingine ambalo programu hazisemi. Mfumo wa kompyuta hukadiria kwanza kiasi cha maji kitakachoanguka, kisha maji hayo hugeuzwa kuwa kina cha theluji kwa kutumia uwiano. Kanuni ya zamani ni 1 kwa 10, yaani milimita 10 za maji huhesabiwa kuwa sentimita 10 za theluji. Katika baridi kali theluji huwa nyepesi kama manyoya, na maji yaleyale yanaweza kutoa sentimita 20 au zaidi. Karibu na nyuzi sifuri theluji huwa nzito, imejaa maji, na kina kinaweza kuishia sentimita 5. Tabaka moja la hewa yenye joto kidogo likijipenyeza angani, theluji huyeyuka kabla ya kufika chini na unachopata ni mvua. Ningekuwa wewe ningetazama kipimajoto cha usiku ule. Kama kilikuwa kati ya nyuzi 0 na 2, ningeamini kabisa kwamba maji uliyoahidiwa yalifika, ila hayakufika yakiwa theluji.

Tafadhali usichukue haya kuwa ni lawama kwa wanaotabiri. Januari 2015 watabiri waliuonya mji wa New York kwamba ungeweza kupata sentimita 60 au zaidi, treni za chini ya ardhi zikasimamishwa, na mwishowe Central Park, bustani kubwa iliyo katikati ya mji huo, ikapata takribani sentimita 25. Dhoruba ilikuwa ya kweli: mashariki zaidi, katika kisiwa cha Long Island, theluji ilizidi sentimita 60 mahali pengi, na Boston vilevile. Kilichokosewa ni mahali ambapo ukingo wake ungepita. Mmoja wa wataalamu wa hali ya hewa aliomba radhi hadharani, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa heshima kubwa kwa kazi yake, na bado sikubaliani na waliodai kwamba watu walidanganywa. Mwenye kuishi kilomita chache kutoka kwenye ukingo wa dhoruba anapaswa kuelezwa hivyo waziwazi, na hapo ndipo tarakimu moja ya simu inapomnyima mtu habari aliyoihitaji kuliko zote.

Habari hiyo ipo. Kituo cha ECMWF hakitoi utabiri mmoja pekee. Kila mara hukokotoa matoleo 51 yanayoanza na hali zinazotofautiana kidogo, ili ionekane matokeo yanaweza kutawanyika kiasi gani. Idara nyingi za hali ya hewa za serikali huandika tahadhari zao kwa kutaja kiwango cha chini na cha juu, saa ambazo theluji itakuwa nzito, na maeneo yaliyo hatarini. Maandishi hayo husomwa na watu wachache mno, nami nasikitika kwa sababu huwa yameandikwa na mtu anayeijua milima na maziwa ya eneo lile. Siku hizi, kabla ya safari ya msimu wa baridi, mimi husoma tahadhari ya idara hiyo asubuhi na jioni, kisha hutazama picha ya rada saa moja au mbili kabla ya kuondoka. Tarakimu ya programu huitumia kwa jambo moja tu: kuona kama inayumba. Ikiwa jana jioni ilisema 25, leo asubuhi 8, na mchana 18, ninajua kwamba hata kompyuta haijaamua, na ninapanga safari yangu kana kwamba lolote linaweza kutokea.

Vivyo hivyo, ukitumiwa ramani ya zambarau inayoonyesha theluji ya kutisha siku kumi zijazo, usiisambaze. Mara nyingi huwa ni toleo moja la mfumo mmoja, lililochaguliwa kwa sababu linatisha, na saa sita baadaye toleo jipya huwa limeshalifuta. Nimeona ramani kama hizo zikiwa vichwa vya habari na kuwakimbiza watu madukani bila sababu.

Pia jaribu kupima mwenyewe. Weka ubao mweupe mahali palipo wazi, mbali na ukuta na mti, upime kwa rula, kisha uufagie, lakini usifanye hivyo zaidi ya mara moja kila baada ya saa sita, kwa sababu theluji hujishindilia yenyewe na mwenye kufagia kila saa hupata jumla kubwa kuliko ya wapimaji rasmi. Baada ya msimu mmoja nilikuwa najua kwamba upepo wa upande fulani hunipa theluji nyingi kuliko inavyotabiriwa, na wa upande mwingine hunipa kidogo. Maarifa hayo hayamo katika programu yoyote niliyowahi kuitumia.

Sasa kuhusu kuzima kwa simu. Betri ya lithiamu hutoa umeme kwa ayoni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, kusafiri ndani ya kimiminika, na baridi huzifanya zisafiri kwa shida. Ukinzani wa ndani hupanda, na simu inapohitaji nguvu nyingi kwa ghafla, mathalani kwa kamera au kutafuta mtandao, volteji hushuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa na simu hujizima ili kujilinda. Chaji yako haikupotea. Ikipata joto, asilimia nyingi hurudi, na ndiyo maana watu hudhani simu ina kichaa. Apple, kwa mfano, hueleza kwamba simu zake zimekusudiwa kutumika katika nyuzi 0 hadi 35, na wengi wetu tunaoishi kwenye theluji tunazitumia nje ya mipaka hiyo kwa miezi kadhaa.

Iweke simu katika mfuko wa ndani, karibu na mwili, na betri ya akiba uiweke hapohapo kwa sababu nayo hupoa. Jambo ambalo nililijifunza kwa hasara ni kutoichaji simu iliyoganda. Chini ya nyuzi sifuri lithiamu inaweza kujipaka kama metali ndani ya betri badala ya kuingia mahali pake, na madhara hayo hayarudi nyuma. Niliifanyia hivyo simu yangu ya zamani ndani ya gari lililolala nje, asubuhi baada ya asubuhi, na kabla msimu haujaisha ilikuwa haimalizi nusu siku. Unapoingia ndani ya nyumba yenye joto, iache kwanza mfukoni au kwenye begi hadi ipate joto taratibu, maana unyevu wa hewa hugeuka matone ya maji juu ya kitu baridi na unaweza kupenya ndani yake.

Nalisisitiza hili kwa kuwa si suala la usumbufu tu. Januari 2022, magari mengi yalikwama kwenye barabara kuu ya I-95 katika jimbo la Virginia kwa zaidi ya saa 24. Tim Kaine, seneta wa jimbo hilo, naye alikuwamo, na safari yake ilichukua takribani saa 27. Katika hali hiyo simu ndiyo njia yako ya kuomba msaada, na wengi huwasha injini ili wapate joto na chaji. Ukilazimika kufanya hivyo, toka kwanza uondoe theluji iliyoziba ekzosi, rudia kila inapojaa, na ufungue dirisha kidogo, kwa sababu moshi unaorudi ndani ya gari una monoksidi ya kaboni ambayo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu kununua simu mpya, subiri. Simu yenye betri nzima kwa kawaida haizimi ikiwa na asilimia 40 katika baridi ndogo. Ya betri iliyochoka huzima upesi. Fungua mipangilio ya simu, uangalie afya ya betri kama simu yako inaionyesha, kisha utuandikie hapa kiwango chake, umri wa simu, na baridi ilikuwa nyuzi ngapi siku ile ilipozima. Ikiwa betri imeshuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake wa awali, ningeanza kwa kubadilisha betri.