Mwanangu, kuhusu lile gari na ile kazi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: mshahara umepanda mara mbili tangu uanze kazi, mbona ikifika tarehe 20 huna kitu? Je, uchukue mkopo wa gari? Na je, uhamie ile idara nyingine inayolipa kidogo kuliko hapo ulipo, lakini utajifunza mengi? Umeyaandika kama maswali matatu. Kwangu mimi ni swali moja.

Sijawahi kukusimulia vizuri kwa nini nilikaa miaka sita kwenye kazi iliyonichosha roho. Ulikuwa mdogo. Nilikuwa karani, nahamisha hesabu kutoka kwenye stakabadhi kwenda kwenye leja, asubuhi hadi jioni. Mwaka wa pili, mkuu wa kitengo cha mishahara alinifuata mezani akaniambia ana nafasi, niende nikajifunze kwake, ila miezi sita ya kwanza malipo yangepungua kwa robo. Nilitamani mno. Jioni ile nikashika penseli nikapiga hesabu. Makato ya mkopo wa samani peke yake yalikuwa yanachukua karibu theluthi ya mshahara: makochi, kabati la vioo, zulia. Kesho yake nikamwambia hapana. Nafasi akapewa mwenzangu tuliyeanza naye kazi siku moja, na miaka minne baadaye ndiye aliyekuwa akinisainia fomu za likizo. Alistahili, simwonei kijicho. Lakini kila nilipokaa kwenye yale makochi nilijua yalinigharimu nini hasa, na halikuwa lile deni.

Ndiyo maana nasema swali ni moja. Ile tofauti kati ya unachopata na unachotumia ndiyo inayokupa uhuru kazini: wa kuhama, wa kukataa, wa kukubali malipo madogo leo ili ujifunze kitu kitakachokulisha miaka kumi. Asiyekuwa na tofauti hiyo, hata awe na kipaji cha namna gani, anakaa alipowekwa.

Sasa chukua kalamu. Tuseme mtu anapata 100 kwa mwezi na anatumia 80. Akitaka akiba ya kuishi miezi mitatu bila mshahara, anahitaji 240, na kwa kuwa anaweka 20 kila mwezi, itamchukua mwaka mzima. Mwenzake anapata 100 ileile lakini anatumia 60. Yeye anahitaji 180 tu, na anaweka 40. Miezi minne na nusu, amemaliza. Umeona? Ukipunguza matumizi, unachoweka kinaongezeka na unachohitaji kinapungua, kwa wakati mmoja. Nyongeza ya mshahara haina nguvu hiyo ikiwa matumizi nayo yanapanda ngazi pamoja nayo, na nadhani hapo ndipo mshahara wako ulipopotelea. Hukufuja, mwanangu. Ulihamia nyumba kubwa kidogo, ukabadilisha simu, ukaanza kula nje mchana, na kila kimoja kilionekana halali yako.

Kwa siku 30 andika kila unachotoa, hata kidogo, siku hiyohiyo, kwa sababu kesho utakuwa umesahau. Usijibane bado, andika tu. Mwishoni, yale makato yanayojikata yenyewe mtandaoni kila mwezi yazidishe mara 12 kabla hujaamua kama unayahitaji. Mimi nikiona kitu kwa mwezi nakisamehe, ila nikikiona kwa mwaka, hapo ndipo nashtuka. Na kuanzia sasa, nyongeza yoyote utakayopata, nusu yake ihame kwenda kwenye akaunti nyingine siku ileile mshahara unapoingia. Iagize benki ifanye hivyo, usiiachie nia yako. Nusu iliyobaki ifurahie bila kujilaumu. Sitaki uishi kama mfungwa.

Kuhusu mkopo wa gari, umeniandikia kwamba riba ni "asilimia 10 tu". Nenda ukaulize: asilimia 10 ya nini? Kama inapigwa juu ya deni lote la mwanzo, hata baada ya kuwa umeshalirudisha nusu, basi si 10. Mkopo wa 1,200 wa mwaka mmoja kwa namna hiyo unalipwa 110 kila mwezi. Lakini ile 1,200 hukai nayo mwaka mzima, unairudisha kidogo kidogo. Ukipiga hesabu kwa salio linalopungua, riba hiyo ni karibu asilimia 18 kwa mwaka. Bado hujaweka ada ya kushughulikia maombi wala bima. Na gari lenyewe linataka mafuta, matengenezo na matairi, huku thamani yake ikishuka kila mwaka. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Makochi yangu yalikuwa hivyohivyo.

Na tafadhali, ile mikopo ya haraka ya kwenye simu ikae mbali nawe. Deni la asilimia 10 kwa mwezi, likiachwa lijizalie mwaka mzima bila kulipwa, linazidi mara tatu ya ulichochukua.

Sikatazi gari. Kama kazi yako ingelihitaji, kama bila hilo usingefika, ningezungumza lugha nyingine. Lakini wewe mwenyewe umeniambia unatembea dakika ishirini tu.

Ile idara sasa. Moyo wangu unasema nenda, ila usiende gizani. Tafuta matangazo kumi ya kazi unayotamani kuifanya miaka mitano ijayo, uandike ujuzi unaotajwa katika kila moja, kisha uhesabu upi unajirudia. Kama huko unakotaka kuhamia utaupata ujuzi unaojirudia mara saba au nane, kupungua kwa mshahara ni ada ya shule. Kama hutaupata, basi umebadilishiwa kiti tu. Waulize pia malipo yatapitiwa upya baada ya muda gani na kwa kipimo kipi, na uombe jibu kwa maandishi. Ahadi za mdomo husahauliwa bosi akibadilika, nimeona kwa macho yangu.

Kisha ukiwa huko, kila Ijumaa andika mistari miwili: nilifanya nini, kikabadilisha nini, kwa tarakimu ikiwezekana. "Nilipunguza siku za kufunga hesabu kutoka tisa hadi tano" ni neno zito mbele ya bosi kuliko "nimejituma sana". Mimi nilianza kuandika hivyo nikiwa nimechelewa, na hata hivyo kazi yangu iliyofuata niliipata kwa sababu ya daftari hilo. Bado ninalo, liko kwenye droo.

Karatasi za mkopo usizitie saini. Nipigie picha ukurasa wenye riba na ada, unitumie nizipitie kabla ya Jumamosi. Jumamosi jioni nipigie simu, uwe na yale matangazo kumi mezani, tuyahesabu pamoja.

Akupendaye,
Mama yako