Jibu: Je, ni lazima mgodi uwaachie wakaaji kitu?

Ndugu, umeuliza kama kampuni za madini huku Lubumbashi na Kipushi hutusaidia kwa hiari tu. Hapana, ni lazima! Sheria ya madini ya Kongo (DRC) iliyorekebishwa 2018 inadai angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka iende kwenye maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Kuna pia daftari la majukumu, yaani orodha ya yale kampuni iliyoahidi kuifanyia jamii; ombeni mlisome. Sheria ya 2017 ya kandarasi ndogo nayo inatengea kampuni za Wakongo kazi ambazo mgodi huwapa watu wa nje wazifanye, kama usafiri na chakula. Hapo ndipo ninapoumia: mama anayepikia wafanyakazi akilipwa baada ya miezi mitatu, mtaji wake umeshakwisha. Kwenye mkutano wenu, dai siku ya malipo iandikwe ndani ya mkataba.